Tiki Mbili za Ukurasa wa Tisa

Kiwandani walimwita Gundi, na hata mlinzi wa getini hakujua kama alikuwa na jina jingine. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akijalidi vitabu katika kiwanda kidogo cha uchapaji: kukunja karatasi, kushona kurasa kwa sindano nene, kupaka gundi mgongoni, kubana, kusubiri ikauke. Vitabu vya mahudhurio ya shule, daftari za stoo, vitabu vya wageni vya maofisini. Kurasa zilipita mikononi mwake kwa maelfu, naye hakusoma hata moja.

"Mimi nashona tu," alikuwa akisema. "Mshona sanda hamuulizi maiti kafa kwa nini."

Alikuwa mjane wa miaka arobaini na saba, anaishi na mama yake katika nyumba ya vyumba vitatu yenye paa lililovuja sehemu moja ile ile kila mwaka. Aliyebaki katika familia ni mdogo wake wa kiume, mwalimu wa hesabu wa sekondari, ambaye hata nyumbani waliishia kumwita Mwalimu. Kila Jumapili Mwalimu alikuja kula kwa mama, akabishana naye juu ya lile paa, akaondoka na bakuli lililofunikwa. Ndivyo walivyoishi, na hakuna aliyelalamika.

Halafu Mwalimu akaugua. Alianza kwa kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, jambo dogo, wakampa dawa kali za kuua vijidudu ili kidonda kisioze. Kidonda kikapona vizuri, tumbo ndilo likaharibika. Akawa anakwenda chooni mara kumi na tano kwa siku. Kila dawa aliyoongezewa ilikuwa kama kumwagia moto mafuta ya taa. Mwezi wa nne ulipoingia, suruali zake zilikuwa zinafungwa kwa kamba, na wanafunzi walipokuja kumwona walisimama mlangoni wakaogopa kuingia.

Daktari aliyewapa matumaini alikuwa mtu mfupi, mwenye haraka, na alikuwa mkuu wa kitengo cha utafiti nyuma ya hospitali.

"Tumboni mwa kila mtu kuna vijidudu wengi wazuri wanaotulinda," alisema. "Dawa zimewafagia wote. Waliobaki kwa Mwalimu ni wabaya watupu, na hawana wa kuwazuia. Tunachotaka ni kumrudishia wazuri."

"Wanapatikana wapi?" Gundi akauliza.

"Kwa mtu mwenye afya. Kwenye choo chake."

"Choo cha kukalia?"

"Kinyesi, dada. Tunakisafisha, tunakichuja, tunakiingiza kwa mgonjwa kwa mpira."

Mwalimu akajifunika shuka hadi utosini. Daktari hakujali, huenda alikwisha kuzoea kuona watu wakijifunika. Akaeleza kwamba utafiti wake ulitaka kujua kama vijidudu vya ndugu wa damu hukubalika haraka kuliko vya mtu baki, na kwamba kwa ajili hiyo wangepima damu na mate ya wote wawili, wasome na vinasaba vyao, yaani ile asili ambayo mtu huirithi kwa wazazi. Alihitaji ndugu wa tumbo moja.

"Sisi ni toka nitoke," Gundi akasema kabla hajamaliza. "Chukueni hata leo."

Fomu ilikuwa na kurasa kumi na moja. Gundi aliigeuza na jambo la kwanza aliloliona ni kwamba pini ilikuwa imepigwa kombo. Karani alisoma kwa sauti ya mtu anayetaka kuwahi nyumbani, na wao wakawa wanatia sahihi kila alipoweka kidole. Walipofika ukurasa wa tisa kulikuwa na swali: iwapo watafiti watagundua jambo la kurithi linalokuhusu wewe au familia yako, je, ungependa kuambiwa? Ndiyo, kisanduku. Hapana, kisanduku.

Gundi akatia tiki kwenye Ndiyo. Kisha akachungulia fomu ya mdogo wake, akaona ametia kwenye Hapana, tena kwa nguvu hadi karatasi imetoboka.

Alijua kwa nini. Baba yao alianza kwa kuangusha vikombe. Baadaye vidole vikawa vinacheza vyenyewe, kisha miguu, akawa anatembea kama mlevi naye hajawahi kunywa. Mwisho akasahau majina yao, na akafa akiwa na miaka hamsini na mitatu. Kabla yake alikwenda hivyo hivyo baba yao mkubwa, na kabla ya huyo, babu. Ukoo mzima uliuita ugonjwa wa wanaume. Mwalimu alikuwa na miaka ishirini na mitatu walipomzika baba, na tangu siku hiyo kila asubuhi alinyoosha mikono mbele ya kioo akaitazama. Alikuwa na mchumba, mfamasia mpole mwenye akili nyingi, aliyengoja ndoa mwaka wa sita sasa. "Siwezi kumwoa mtu ili aje aniuguze," Mwalimu alimwambia dada yake mara moja, na hakurudia tena.

Basi Gundi alipoiona ile Hapana, moyo ukamwambia asimwache mdogo wake peke yake upande ule. Akatia tiki na yeye kwenye Hapana. Ile ya Ndiyo hakuikata. Karani akageuza ukurasa.

Palikuwa pia na swali kama familia ina ugonjwa wa kurithi. Gundi akaandika hakuna, kwa kuwa ule ulikuwa wa wanaume na yeye si mwanamume.

Asubuhi ya kupeleka sampuli alibeba kopo la hospitali ndani ya kibebeo cha chakula, na barafu juu. Mlinzi wa hospitali akamsimamisha.

"Umembebea mgonjwa chakula, mama?"

Gundi akafikiri. "Tuseme hivyo," akasema.

"Funua tuone."

"Baba, nakushauri usifunue."

Mlinzi akamtazama usoni, akampisha.

Siku ya tano baada ya matibabu Mwalimu alilala hadi saa mbili asubuhi bila kuamka. Wiki ya tatu akaomba chakula cha pili. Mama yao alilia jikoni, akasingizia kitunguu. Na daktari akamwita Gundi kando, akamwambia kwa heshima zote kwamba choo chake kilikuwa kizuri ajabu, kwamba si rahisi kupata cha namna ile, na kama angekubali angeendelea kuleta, kiwasaidie na wagonjwa wengine. Katika maisha yake Gundi alikuwa amesifiwa kwa mishono iliyonyooka na kwa subira. Sifa hii ilikuwa mpya. Akakubali, na kwenye makopo yake wakabandika maneno: Mchangiaji Namba Saba.

Miezi minane ikapita hivyo, Mwalimu akanenepa, akarudi darasani, na Jumapili zikarudi kama zamani. Ndipo simu ikapigwa kutoka kitengo cha utafiti. Aliyepiga alikuwa mwanamke kijana, akajitambulisha kuwa mnasihi: kazi yake ni kuzungumza na watu kuhusu majibu ya vipimo.

Ofisi yake ilikuwa na viti viwili, feni moja na boksi la karatasi laini za kufutia machozi, na Gundi alipoketi mnasihi akalisogeza lile boksi upande wake.

"Dada, kuna jambo limeonekana kwenye sampuli zenu," mnasihi akasema. "Lakini kabla sijaendelea, nina tatizo." Akafungua fomu ukurasa wa tisa. "Hapa umesema ndiyo. Na hapa umesema hapana."

Gundi akazitazama tiki zake mbili, zimekaa jirani kama watoto waliofumaniwa.

"Sasa sisi tufuate ipi?"

"Jambo lenyewe ni nini?"

"Nikikwambia, nitakuwa nimefuata ya ndiyo."

"Ni ugonjwa?"

"Siwezi kujibu hilo kwa sasa."

"Mwanangu," Gundi akasema, "umenipigia simu, umenikalisha, umenisogezea karatasi za machozi. Mtu akikufuata na mwavuli, hata kama hakusema neno, si umeshajua kuna mvua?"

Mnasihi akainamisha kichwa. Alikuwa mtu mwema na alikuwa amebanwa. "Tumekaa vikao vitatu kwa ajili ya ukurasa huu mmoja," akasema. "Wengine walisema tusikuite kabisa. Nenda ukafikirie. Ukiamua, uje utie tiki moja."

Gundi akarudi kazini kichwa kinamzunguka kama pia. Siku hiyo alishona daftari moja juu chini, kosa ambalo hakuwahi kulifanya. Kama ni ugonjwa wa Mwalimu, mbona wamemwita yeye? Kama ni wake, mbona wanasema sampuli zenu? Na kama ni jambo dogo, vikao vitatu vya nini? Akilala upande huu anataka kujua, akigeuka hataki. Kisebusebu na kiroho papo. Alimchungulia mdogo wake Jumapili alipokuwa anamimina chai, akaitazama mikono ile, haikutetemeka, naye akaona aibu kama amempekua mfukoni.

"Mbona unanikodolea macho?" Mwalimu akauliza.

"Umenenepa."

"Si wadudu wako hao! Walafi kama mwenyewe."

Wiki ya tatu alishindwa kuvumilia. Akaomba ruhusa, akaenda, akakata ile Hapana mbele ya mnasihi kwa mstari mmoja mrefu.

Mnasihi akavuta pumzi. "Kwanza, hatukuona ugonjwa wowote. Hatukutafuta magonjwa. Tulilinganisha tu vinasaba vyako na vya Mwalimu, ili tuhakikishe undugu, maana utafiti ni wa ndugu." Akafunga faili. "Dada, hamfanani. Si wa baba mmoja, si wa mama mmoja. Kwa damu, ninyi ni kama watu wawili waliokutana njiani."

Gundi akasikia feni. Ilikuwa na mlio mdogo kila ilipofika upande wa kushoto.

"Mmechanganya vichupa," akasema.

"Tumerudia mara tatu."

"Mimi nilikuwapo! Nilikuwa na miaka mitano. Mama alitoka hospitali amembeba."

"Sikatai."

"Basi nani si wa pale nyumbani? Mimi au yeye?"

"Hatujui. Hatuna sampuli ya mama yenu, na hatuna haki ya kuitaka."

Hapo ndipo mambo yalipozidi kuwa kizungumkuti. Gundi akauliza kama Mwalimu ataitwa. Mnasihi akasema hapana, kwa kuwa Mwalimu alikataa kuambiwa na uamuzi wake lazima uheshimiwe. Gundi akauliza kama yeye anaruhusiwa kumwambia. Mnasihi akasema taarifa iliyo kwenye faili la Gundi ni ya Gundi, anaweza kufanya nayo apendavyo. Iliyo kwenye faili la Mwalimu imefungwa.

"Lakini si jambo moja hilo hilo?"

"Ni jambo moja."

"Limefungwa kule na limefunguliwa huku?"

"Ndiyo, dada." Mnasihi akavua miwani. "Hata sisi hatuelewi vizuri. Fomu haikufikiria hili."

Kabla ya kuondoka Gundi akakumbuka makopo. Akauliza kama anaweza kuacha, kama anaweza kudai virudishwe vyote vilivyochukuliwa kwake, maana ghafla hakutaka tena mtu yeyote awe na kitu chake. Mnasihi akasema anaweza kuacha leo, na vilivyo kwenye friza vitaharibiwa akitaka. Ila vilivyokwisha kuingia kwa wagonjwa haviwezi kurudishwa. Walikuwa watu arobaini na mmoja. Vimeshaota huko.

"Arobaini na mmoja," Gundi akarudia. Akawaza kuhusu ugonjwa wa baba, akauliza kwa hofu kama kitu cha kurithi kinaweza kupitia chooni. Mnasihi akamwambia hapana, ya kurithi hupita kwa kuzaa tu. Kisha akataka kujua kwa nini ameuliza, na Gundi akamweleza habari za baba, baba mkubwa na babu. Mnasihi akasikiliza hadi mwisho.

"Ugonjwa kama huo hauchagui wanaume, dada," akasema polepole. "Kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana nusu kwa nusu. Katika familia yenu huenda ilitokea tu hivyo."

Gundi akatoka nje, akakaa kwenye benchi la wagonjwa wa meno. Aliingia na ndugu mmoja na bila hofu. Sasa hakujua kama ana ndugu, wala hakujua kama hofu ni yake.

Mama yake alikuwa uani anachambua mchele kwenye sinia. Alikuwa na miaka sabini na sita, masikio mazima, ulimi mzima. Gundi alikuwa amepanga maneno njia nzima, na alipofika yote yakampotea.

"Mama, kati yangu na Mwalimu, nani hukumzaa?"

Mkono wa mama ukasimama katikati ya sinia. Kuku wa jirani akaja akadonoa punje zilizoanguka, na hakuna aliyemfukuza.

"Nani amekutuma?" mama akauliza hatimaye.

"Hospitali. Kile choo."

"Choo!" Mama akatazama juu kana kwamba anamwuliza mtu. "Miaka arobaini na miwili. Mume hakujua, mashemeji hawakujua, na choo ndicho kimesema." Akaendelea kuchambua kwa nguvu. "Achana nayo. Mavi ya kale hayanuki."

"Haya yamenuka, mama. Yamepita maabara."

Ilichukua muda. Mama alimaliza mchele wote, akaupepeta, akauchambua tena. Ndipo akasema. Alijifungua mtoto wa kiume kweli, mchana, wodi ile ya zamani iliyokuja kubomolewa. Mtoto aliishi siku mbili. Kitanda cha pili alilala mwanamke aliyejifungua siku hiyo hiyo, hakuwa na mtu wa kumtembelea, na asubuhi ya tatu hakuamka. Mtoto wake akawa analia, na maziwa ya mama yakawa yanamwagika hadi kwenye shuka. Mkunga akamtazama mama, mama akamtazama mkunga. Mkunga akamleta yule mtoto, akamweka kifuani, akaenda kuandika alichoandika.

"Baba yako alikuwa safarini. Aliporudi akakuta mtoto wa kiume, akafurahi. Ningemwambia nini? Halafu siku zikapita, na mimi nikasahau."

"Ulisahau?"

"Nilisahau, mwanangu. Kuna siku nilimpiga kwa kuiba sukari, nikasema kichwa kigumu kama cha baba yake. Nikashtuka mwenyewe." Akajifuta mkono kwenye kanga. "Usimwambie. Nimekuomba kitu gani tena katika dunia hii? Usimwambie."

Gundi hakuahidi, wala hakukataa. Alibaki njia panda kwa siku kumi na moja. Akijiambia ni siri ya mama, anakumbuka mfamasia, miaka sita, na mikono ile mbele ya kioo, mtu mzima anaogopa ugonjwa ambao hauna hata njia ya kumfikia. Akijiambia basi amwambie, anaiona ile karatasi iliyotobolewa na kalamu. Mwalimu alisema hapana. Lakini alimkatalia nani? Alikataa kuambiwa kwamba atakufa kama baba. Je, alikataa pia kuambiwa kwamba hatakufa hivyo? Na kama hapana yake ilikuwa ya swali moja, nani kampa Gundi ruhusa ya kuihamishia kwingine, au kuizuia isihamie? Alikuwa akiwaza haya huku anapaka gundi, na mara mbili alipaka upande usio wake.

Siku ya kumi na mbili alikwenda shuleni baada ya masomo. Mwalimu alikuwa darasani peke yake, anafuta ubao uliojaa sehemu na mabano.

"Dada! Mama mzima?"

"Mzima. Ile hapana yako ya kwenye fomu," Gundi akasema, maana alijua akizunguka atatoroka, "ulikuwa unakataa nini hasa?"

Mwalimu akageuka na kifutio mkononi. "Unajua nilichokuwa nakataa."

"Na kama jambo si hilo?"

"Maliza," akasema.

Gundi akamwambia. Alimwambia yote, wodi, mkunga, maziwa, na alipofika mwisho Mwalimu alikuwa amegeukia ubao tena, anafuta mahali palipokwisha kuwa safi. Kisha akakaa juu ya dawati la mwanafunzi, magoti yakamfika kifuani.

"Kwa hiyo baba..."

"Ugonjwa wake hauwezi kuwa wako."

"Miaka kumi na tisa," Mwalimu akasema. Akaanza kucheka, kicheko kibaya kwanza, kisha kikawa kicheko kweli. "Yaani kwa hesabu, damu yenu sina hata tone. Nilicho nacho ni mavi yako!"

Gundi akacheka naye bila kutaka, akacheka hadi akashika ukuta. "Tumbo moja hatukutoka," Mwalimu akaendelea, machozi yanamtoka, "tumbo moja umelihamishia kwangu kwa mpira!" Mwanafunzi aliyepita dirishani alichungulia, akakimbia.

Halafu Mwalimu akaacha kucheka, ghafla, kama mtu aliyekumbuka moto jikoni.

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Wewe ni mtoto wa baba."

"Wanasema nusu kwa nusu."

"Nusu," akasema mwalimu wa hesabu. Akashuka kwenye dawati. Gundi alidhani anakuja kumshika mkono, lakini alikuwa anachukua mkoba wake, na uso ulikuwa umebadilika. "Nani alikwambia uniambie? Niliandika hapana."

"Ulikataa kitu kingine!"

"Nilikataa kila kitu. Asubuhi nilikuwa na baba, na mama, na dada, na ugonjwa. Ugonjwa nilikuwa nimeuzoea. Sasa unanipa nini? Nifurahi? Nilie? Nimfurahie nani, nimlilie nani? Yule mwanamke hata jina lake sina!" Akatoka. Mlango ulikuwa mbovu na haukujibamiza, ulirudi taratibu ukabaki wazi.

Jumapili ile hakuja. Mama akajua bila kuambiwa, akaacha kuzungumza na Gundi. Alimwekea chakula mezani na kutoka. Jumapili ya pili hakuja. Ya tatu mfamasia alikuja peke yake, akakaa kidogo, akasema Mwalimu ni mzima, anafundisha, amemwambia kila kitu, ila haongei na halali vizuri. Alipoulizwa na Gundi kama amefurahi, mfamasia alifikiri kwa uaminifu, akasema hajui. Miaka yote alikuwa amejiandaa kumwuguza. Sasa hakujua ajiandae kwa nini.

Katikati ya siku hizo mnasihi akapiga simu tena. Kulikuwa na kipimo cha ugonjwa wa baba, akasema, kinafanyika nje ya utafiti, kwa hiari kabisa, na Gundi akitaka atapewa muda wa kutosha na mtu wa kuzungumza naye kabla na baada. Akamtumia fomu. Ilikuwa na ukurasa mmoja tu. Gundi aliisoma neno kwa neno, mara nne, kwa kidole, kisha akaiweka kabatini chini ya shuka. Siku nyingine anaitoa, anaisoma, anairudisha. Hajaamua hadi leo.

Jumapili ya nne, saa saba mchana, Gundi na mama walikuwa mezani, kila mmoja upande wake, waliposikia geti. Mwalimu aliingia amebeba mfuko wa machungwa. Alimwamkia mama, "Shikamoo, mama," na mama akajibu marahaba kwa sauti ndogo mno, sauti ambayo Gundi hakuwahi kumsikia nayo. Akavuta kiti chake. Akamwambia Gundi, "Dada, nisogezee chumvi," na Gundi akampa, na hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao.

Walikula. Hakuna aliyetaja paa. Sahani zilipokuwa tupu Mwalimu akasukuma yake mbele, akaweka viwiko mezani.

"Mama, mlikaa siku ngapi na yule mwanamke?"

Mama akamtazama Gundi mara ya kwanza baada ya mwezi mzima, kama anayeuliza kama ni salama. Gundi mwenyewe hakujua.

"Mbili," mama akasema. "Siku mbili na nusu."

"Alikuwaje?"

"Sikumwuliza jina. Nimejilaumu sana kwa hilo. Nilikuwa na wa kwangu, nililia tu." Akakunja kitambaa cha mezani, akakikunjua. "Alikuwa mrefu. Alilalamika shuka ni fupi, miguu inabaki nje. Akamwambia muuguzi, nileteeni pazia."

Mwalimu akatabasamu kidogo, upande mmoja.

"Na nini tena?"

"Basi. Ndiyo hayo tu niliyo nayo, mwanangu."

Mwalimu akachukua chungwa, akaanza kulimenya kwa kisu. Alikuwa ameshafika nusu mama alipoinua kichwa.

"Alikuwa anakula ndimu na chumvi," akasema. "Nilimwona. Hata midomo haikunji."

"Ndimu nzima?" akauliza Mwalimu, akasogeza kiti karibu.